Msiidharau Print Shop, watu wa kawaida walianzia pale

Kila nikisoma historia ya uchapaji wa kompyuta nakutana na stori ileile: mwaka 1985 Paul Brainerd na kampuni yake ya Aldus kule Seattle wakatoa PageMaker, programu ya kupanga kurasa, Apple wakaleta printa ya LaserWriter, Adobe wakaleta PostScript, lugha ya kuielekeza printa ichore nini, basi dunia ikabadilika. Sikatai, ilibadilika kweli. Lakini hebu tupige hesabu kidogo. LaserWriter ilivyotoka ilikuwa dola 6,995, PageMaker dola 495, na kompyuta ya Macintosh ya kwanza mwaka 1984 ilianza kuuzwa dola 2,495, ukijumlisha unakaribia dola 10,000 na hapo hata karatasi hujanunua. Hiyo ni hela ya ofisi, hela ya gazeti. Mwalimu wa shule ya msingi huko Marekani angeitoa wapi?

Sasa yule mwalimu alikuwa ameshaanza mwaka mmoja kabla, na alianza na programu ya kama dola 50 hivi inaitwa The Print Shop.

Print Shop waliitengeneza jamaa wawili, David Balsam na Martin Kahn, kampuni ya Broderbund wakaiuza kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, baadae ikafika Commodore 64, Atari na PC za IBM. Wazo lao la mwanzo lilikuwa kadi ya kuangalia kwenye kompyuta tu, yaani unampa mtu diski akaifungue kwake, Broderbund ndo wakawashauri waifanye itoke kwenye karatasi. Ushauri ule mi nauheshimu sana, maana kadi ya karatasi hata bibi asiye na kompyuta anaipokea na anaibandika ukutani.

Na ilivyokuwa inafanya kazi ndo ninapopapenda zaidi. Hakuna mausi, unachagua kwa kibodi: kadi, tangazo, barua au bango refu. Unachagua fremu, unachagua picha, unachagua fonti, unaandika maneno yako, halafu kioo kinakwambia kompyuta inafikiria, unasubiri. Ukiprinti kadi, karatasi moja inatoka imechapwa upande mmoja tu, kipande kimoja kimesimama vizuri na kingine kiko kichwa chini, ukiiona hivyo unadhani imeharibika, ila ukiikunja mara mbili kila kitu kinakaa mahali pake, jalada nje na ujumbe ndani. Bango ndo lilikuwa balaa. Herufi zinatoka zimelala kwenye zile karatasi zilizoungana, zenye vitobo pembeni, printa inakwenda na kurudi inalia weee, ribon inachakaa, karatasi inazidi kujirundika chini ya meza mpaka HAPPY BIRTHDAY nzima imalize urefu wa chumba. Unachana kingo zenye vitobo, unabandika. Mtoto amefanya kazi yote mwenyewe.

Mwaka huohuo ikaja na The Newsroom ya Springboard, hii ilikuwa ya kutengeneza gazeti kabisa, na nadhani wanaoicheka hawajui mashine za enzi zile zilikuwa na nini ndani. Commodore 64 ina memori ya KB 64 tu. Chukua ukurasa wa saizi ya barua ya Kimarekani, inchi 8.5 kwa 11, weka doti 72 kila inchi, nyeusi na nyeupe tu bila rangi, picha ya ukurasa huo peke yake inakula karibu KB 60! Programu yenyewe utaiweka wapi? Kwa hiyo Newsroom wakaukata ukurasa vipande vipande, kila kipande unakiandika peke yake, unaweka picha na maneno yanaizunguka yenyewe, unakihifadhi kwenye flopi, halafu sehemu nyingine ya programu inavipanga na nyingine inachapa. Kuna hata sehemu ya kutuma vipande kwa modemu, yaani kupitia laini ya simu, mwenye Apple anamtumia mwenye IBM na linakuwa gazeti moja, miaka ya themanini hapo. Watu wanaziita programu hizi vitu vya kuchezea watoto, mi naona ule ni uhandisi wa hali ya juu.

Uingereza nako walikuwa na yao, Fleet Street Editor ya Mirrorsoft kwenye BBC Micro, mashine iliyojaa mashuleni, na Model B yake ilikuwa na KB 32. Nusu ya Commodore, na bado walitoa magazeti ya shule.

Kwa nini naandika haya? Mi niko steshenari, kazi yangu kila siku ni kadi za mchango wa harusi, ratiba za mazishi, matangazo ya chumba kinapangishwa. Nafanyia Publisher, ile programu ya Microsoft. Kuna mdizaina mmoja alipita akaniangalia nikiweka maua pembeni ya kadi akasema hiyo siyo programu ya watu wa kazi. Iliniuma, nasema ukweli, sababu mteja aliyekuwa amekaa pale alikuwa na elfu tano na kikao cha harusi saa kumi jioni, na saa tisa na nusu aliondoka na kadi zake mkononi. Mdizaina angemhudumia lini, na kwa bei gani? Fremu zilizo tayari, picha zilizo tayari, fonti chache, mtu anaweka maneno yake na kazi imeisha, njia hiyo waliichonga kina Balsam na Kahn kwenye Apple II, na ndo hiyohiyo ninayolia ugali mimi mpaka leo.

Sa hivi kuna watu wameiweka ile Print Shop ya Apple II kwenye intaneti, unaitumia kwenye brauza halafu inakutolea PDF. Jumapili nilijaribu. Nilimtengenezea mama kadi, fremu ya mauamaua, herufi zimejaa ngazi ngazi pembeni kama zilivyokuwa zamani zile, nikaprinti hapa dukani kwenye A4 ya kawaida, nikaikunja mara mbili. Ameisimamisha juu ya kabati la vyombo, pembeni ya redio.