Mianzi ya Ghats Magharibi: ikatwe, au aachiwe chura?

Kusini mwa India, kwenye Milima ya Ghats Magharibi, kuna chura wa vichakani ambaye hatagi majini. Jina lake la kitaalamu ni Raorchestes chalazodes. Dume hujipenyeza ndani ya pingili ya mwanzi ulio hai, na mayai yakishatagwa humo hubaki kuyalinda. Mayai hayazidi kumi, tena hayatoi viluwiluwi: anayetoka ni chura aliyekamilika. Tundu la kuingilia hawezi kulitoboa mwenyewe. Hutegemea wadudu au panya waliomtangulia. Haya yalielezwa mwaka 2015 na watafiti Seshadri, Gururaja na Bickford, waliomchunguza katika hifadhi ya Kalakad Mundanthurai, Tamil Nadu.

Wanaotaka ukataji upigwe marufuku wana hoja nzito. Chura huyu alikaa miaka 136 bila kuonekana, hadi 2011 ilipotangazwa kwamba yupo. Anayekata mwanzi wakati wa mvua za monsuni huondoka na nyumba, mayai na baba.

Upande wa pili wako wasusi wa mikeka na vikapu wa Kerala, jimbo linalopakana na Tamil Nadu. Mwanzi ndio riziki yao, na mwaka 1971 jimbo liliwaundia shirika la mianzi ili wapate malighafi. Marufuku ya jumla humkuta kwanza mwenye panga, aliye maskini.

Naona pande zote mbili zinakosea kuwaweka wakataji wote kapu moja. Kiwanda cha karatasi hununua kwa uzito, kinabeba kila shina. Msusi huchagua: pingili iliyotobolewa haimpi vipande virefu safi, kwa hiyo shina analolihitaji chura si lile analolitamani yeye. Na kwa miaka mingi Kerala iliviuzia viwanda mianzi kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo pa kubana kwanza.

Hata hivyo, kuacha mashina yenye matundu pekee hakutoshi. Matundu ya kesho yatatoka kwenye mashina mazima ya leo, na mianzi ya huko hufa ikishachanua. Lazima baadhi ya vichaka visiguswe kabisa, na panga lipumzike majira ya monsuni. Miezi hiyo msusi hana kipato, na sioni haki gharama hiyo aibebe peke yake: shirika la jimbo linaweza kumwekea akiba ya mianzi iliyokatwa kiangazi.