Dishi la darini au yagi ya mkononi?

Mpwa wangu anaishi Lamu, mtaa wa Langoni. Ameshapata leseni ya redio ya ridhaa, ile redio ya watu wanaowasiliana kwa mapenzi yao na si kwa biashara, na majuzi alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nina akiba kidogo. Ninunue redio mbili za mkononi na yagi, ile antena ya fito ya kushika mkononi, nizifukuze setilaiti zinazopita, au nijinyime ninunue vyombo vya dishi nikae kwenye ile isiyotembea?" Nikamwambia anipe siku mbili. Zimekuwa wiki nzima, maana jibu lililonijia kwanza lilikuwa la mtu anayeishi Ulaya, na kila nilipolipima kwa anga ya Lamu nililiona linapwaya.

Mimi ni fundi wa madishi hapa Malindi, na redio ni kitu kilichonishika tangu ujana. Kwa hiyo haya ninayoyapima nayajua kwa mikono.

Setilaiti anazoulizia ni za namna mbili. Zipo zinazozunguka chini: SO-50 iliyorushwa Desemba 2002, RS-44 ya Warusi iliyorushwa Desemba 2019, na kituo cha kimataifa cha anga, ambacho nacho kina ripita ya wana-redio, yaani chombo kinachopokea sauti na kuirusha tena. Hizi huchomoza, zikakata anga na kuzama kwa muda wa dakika kumi hivi. RS-44 iko juu zaidi, kwa hiyo hukaa machoni dakika ishirini na ushee. Halafu ipo QO-100, mzigo wa wana-redio uliobebwa ndani ya Es'hail-2, setilaiti ya Qatar iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018. Imetulia juu ya ikweta, karibu nyuzi 26 Mashariki, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Ukiielekezea dishi leo, mwakani utaikuta palepale.

Yagi ina haki ya kutetewa kwanza, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Vipande vya utepe wa chuma wa kupimia, bomba la plastiki la maji, kebo fupi, na siku moja ya kazi, tayari una antena. Kwa SO-50 unapandisha sauti kwenye 145.850 MHz ukiwa umeweka toni ya 67 Hz, mlio wa chini unaoifungulia ripita, na unasikiliza karibu na 436.795. Nasema "karibu" kwa sababu setilaiti inakuja kwa kasi. Inapochomoza utaisikia kwenye 436.805, na inapozama imeshuka hadi 436.785, kwa hiyo redio ya kusikilizia uiwekee hatua hizo zote kwenye kumbukumbu yake kabla hujatoka nyumbani. Redio yake yenyewe hutoa robo wati tu. Jioni moja nilisimama ufukweni, upande wa ile nguzo ya Vasco da Gama, yagi mkono wa kulia na redio ya kusikilizia imening'inia shingoni. Sauti ilikuwa imezama kabisa kwenye mchakacho. Nikazungusha kifundo cha mkono robo mzunguko, bila kubadilisha nilikoelekeza, na sauti ikatokea safi kana kwamba mtu amefungua dirisha. Namna mawimbi yanavyolala hubadilika kadiri setilaiti inavyojigeuza, na mkono wa binadamu hulifuata jambo hilo upesi kuliko mota nyingi. Somo hilo dishi haliwezi kukupa.

Hizo redio mbili si anasa. Moja ya kusemea, moja ya kusikilizia, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja, ili ujisikie ukirudi kutoka juu. Asiyejisikia hubonyeza kitufe juu ya maneno ya mwenzake na kuongeza nguvu akidhani hafiki, kumbe anafika na anaharibu. Hili ndilo kosa ninaloliona sana: pesa zote zinamalizikia kwenye wati za kusemea, na sikio linabaki la bei ya chini.

Sasa upande wa pili wa yagi, ambao hausemwi sana. Setilaiti iliyo kilomita 650 juu huona duara lenye nusu-kipenyo cha kilomita 2,700 hivi. Ukisimama Lamu na setilaiti ikiwa utosini, duara hilo linafika Uhabeshi, Uganda, Tanzania yote, Ushelisheli na Yemen, lakini upande wa mashariki karibu wote ni Bahari ya Hindi tupu. Wana-redio wa setilaiti katika nchi hizi ni wa kuhesabu. Utaita kwa dakika kumi, utajisikia vizuri ukirudi, na hakuna atakayejibu. Ulaya, kwenye dakika hizohizo, watu wanasukumana. Tena sisi wa ikweta hupata mapito machache zaidi kwa siku kuliko watu wa kaskazini, kwa sababu njia za setilaiti nyingi hukaribiana kuelekea ncha za dunia na kutawanyika huku kwetu.

Ipo moja inayotupendelea. IO-86 ya Indonesia ilirushwa Septemba 2015 kwenye njia iliyoinama nyuzi 6 tu kutoka ikweta, kwa hiyo hupita juu yetu katika kila mzunguko, mara 13 au 14 kwa siku. Kwa Mwingereza haichomozi kamwe. Ni ikweta hiihii iliyowaleta Waitaliano na jukwaa lao la kurushia roketi la San Marco hapa jirani, Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku yenyewe ni ya uhuru wa Kenya. Lakini ripita ya IO-86 hufunguliwa kwa ratiba ya wenyewe, kwa hiyo kupita peke yake hakutoshi. Mtu akiniuliza nini kingeibadilisha hesabu yangu yote, ni hiki: setilaiti moja ya njia hiyo yenye ripita iliyo wazi saa zote.

Nije kwenye dishi. Hapa mambo ni mengi, na mengi hayamo katika maelekezo ya Wazungu.

Madishi mengi ya televisheni ya kulipia hapa pwani yanaelekea setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki, karibu utosini kabisa, nyuzi 84 kutoka upeo. Kwa QO-100 unalishusha dishi hadi nyuzi 72 au 73 na kuligeuza magharibi, ukipandisha kidogo kaskazini. Hiyo ni kazi ya spana moja na dira ya simu. Ugumu uko kwenye LNB, kile kichwa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi. Mawimbi ya QO-100 yanayoshuka, kati ya 10,489.5 na 10,490 MHz, yanaitwa ya wima, na mtu wa Ulaya huipinda LNB yake kidogo tu akamaliza. Kwetu setilaiti iko magharibi, karibu sambamba na ikweta, kwa hiyo ile "wima" inatufikia ikiwa imelala: nyuzi 77 Malindi, 81 Lamu. Nilimwona kijana mmoja amekaa darini mchana kutwa akilisukuma dishi huku na huko, na dishi lake lilikuwa sahihi tangu asubuhi. Badala ya kuipinda LNB karibu robo mzunguko, ilishe volti 18, zile zinazoiambia ipokee mawimbi ya mlalo, kisha izungushe nyuzi kumi hivi zilizobaki mpaka mnara wa mawimbi, ule mchoro wa nguvu yake kwenye skrini ya kompyuta, urefuke.

Baada ya hapo, usikivu ni rahisi ajabu. LNB ya kawaida ya universal huyashusha mawimbi hadi karibu 739.7 MHz, na kidongo cha USB cha kupokelea redio kinaweza kuyasoma. Dekoda ya zamani inailisha LNB umeme kupitia splita inayopitisha umeme upande mmoja tu, usije ukaunguza kidongo. Nyumba nyingi mjini zina dishi lililokufa juu, limebaki kukalia kunguru. Ukiliomba kwa adabu unapewa, na kubebewa juu.

Tatizo linalobaki ni joto. LNB hujenga masafa yake kutoka kioo kidogo cha ndani kinachotetema (kristali) cha 25 MHz kwa kukizidisha mara 390. Kioo kikiyumba sehemu moja tu katika milioni, masafa huyumba karibu kHz 10, na mazungumzo ya SSB, namna ya kurusha sauti kwa masafa membamba, hayazidi upana wa kHz 2.7. Jua la Malindi la saa saba likiipiga LNB, mtu uliyekuwa ukimsikiliza anahama kituo bila kuhama. Wengine hubadilisha kioo au huilisha LNB mapigo thabiti yanayotoka kwenye GPS. Kwa anayeanza, programu inayojishikiza kwenye alama ya kudumu ya setilaiti, ishara inayorushwa muda wote, inatosha.

Kusema ndiko kunakogharimu. Unapandisha kwenye 2,400 MHz na kidogo juu yake, kwa hiyo unahitaji chombo cha kuzalisha masafa hayo, kipaza nguvu cha wati chache, na mdomo wa antena mbele ya dishi unaozungusha mawimbi upande unaotakiwa. Vyote huagizwa nje na kulipiwa ushuru. Kipaza nguvu hakiwezi kukaa chumbani, kwani mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58 kwenye masafa hayo hukuachia kama sehemu moja katika kumi ya nguvu uliyoitia. Kitakaa darini, kwenye chumvi. Nimefungua konekta zilizokaa kusi moja tu bila kufungwa tepu ya mpira. Ndani zilikuwa za kijani, na waya wa kati umekatika kama kijiti kilicholiwa na mchwa. Kisanduku kiwe cha plastiki nzito, tundu la kutoa jasho liwe chini, na konekta zote zitazame chini.

Na hata huko juu, anayejisikia ndiye anayetumia vizuri. Sauti hurudi baada ya robo sekunde hivi, na sheria ni kutoizidi nguvu ile alama ya kudumu. Ukizidi, chombo kiitwacho LEILA kinatia king'ora juu ya sauti yako, kila mtu anasikia.

Malipo yake ni haya: Ulaya yote, Afrika yote, Brazil upande mmoja na India upande wa pili, saa 24. Hata kituo cha Wajerumani cha Neumayer, Antaktika, kimesikika humo. Na Lamu kuna utajiri ambao mpwa wangu hakuujua. Wana-redio huigawa dunia katika miraba na kuikusanya kama stempu. Malindi imo katika LI06, iliyovuka kidogo tu longitudo 40, na Lamu imo LI07. Miraba yote miwili kwa kiasi kikubwa ni maji. Atakayeita kutoka Langoni kwenye QO-100 atapangiwa foleni, wakati kwenye SO-50 angelisikia bahari tu.

Ila mayai yote yako kwenye kapu la mwenye Es'hail-2. Siku akiamua au setilaiti ikizeeka, dishi linanyamaza. Zile za chini, ikifa moja, nyingine hurushwa, na AO-7 ya mwaka 1974 ilizimika 1981 betri yake ilipokufa, ikazinduka 2002 na kufanya kazi kila inapopigwa na jua.

Lamu yenyewe nayo ina neno. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na dishi jipya juu ya nyumba ya mawe si jambo la kupachika usiku, mwenye nyumba na watu wa makumbusho waulizwe. Kwa upande mwingine, kijana aliyesimama gatini wakati wa magharibi na redio mbili na mfupa wa antena, akiuelekeza huku na huko, ataulizwa maswali na walinzi wa usalama, na wana haki. Leseni iwe mfukoni, mzee wa mtaa awe na habari mapema. Dishi halizunguki, na likishazoeleka halimshtui mtu. Katika mji ule jambo hilo lina uzito kuliko bei.

Hukumu yangu, basi, imegawanyika, na sikuipata kwa kukata katikati. Kusikia kwake kuanze na dishi, kwa sababu ni karibu bure na kunampa saa 24 za kujifunza namna watu wanavyoitana, wanavyojitambulisha na wanavyopishana. Kusema kwake kuanze na yagi, kwa redio mbili za mkononi, hata kama jibu litakuja mara moja kwa mwezi, kwa sababu makosa ya wati tano mkononi ni madogo na yanaonekana papo hapo. Vyombo vya 2,400 MHz vingoje. Avinunue baada ya kukaa miezi akisikiliza na LNB yake haiyumbi tena. Angekuwa na wenzake watatu wa kuchangiana, ningesema waruke yagi na wakajenge dishi kamili pamoja. Yuko peke yake.

Jana nimempelekea LNB mbili kwa basi la asubuhi, moja ya akiba, pamoja na splita na roli la tepu ya mpira. Kwenye karatasi nimemwandikia: nyuzi 72 juu, 278 hivi kwa dira, volti 18, na anipigie mnara utakapoonekana.