Mwombaji Aliyekosa Kazi Aelezwe Sababu?

"Tunasikitika kukujulisha kwamba hukuchaguliwa. Tunakutakia kila la heri." Hiyo ndiyo barua anayopata mtu aliyeitwa kwenye usaili mara tatu, tena huyo ana bahati. Wengi hawajibiwi kabisa.

Waajiri wana hoja zao, na zina uzito. Nafasi moja huvuta mamia ya maombi, na anayedai kila mwombaji aandikiwe sababu zake hajawahi kukaa mbele ya rundo hilo. Wapo pia wanaoelezwa sababu wakaigeuza ubishi usiokwisha, au wakakimbilia mahakamani.

Hofu hiyo ya mahakama ndiyo inayorudiwa sana, na naona haijapimwa vizuri. Aprili 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mhandisi mmoja mwanamke, aliyekataliwa mara mbili na kampuni ya Ujerumani bila hata kuitwa kwenye usaili. Alitaka kujua kama kuna mwingine aliyeajiriwa. Mahakama ilisema mwajiri halazimiki kumpa taarifa hiyo, lakini ikaongeza kwamba kukataa kutoa taarifa yoyote kunaweza kuzingatiwa pale mahakama inapopima kama kulikuwa na dalili za ubaguzi. Kwa hiyo mwajiri anayenyamaza ili ajikinge, kimya chake chenyewe chaweza kuhesabiwa dhidi yake.

Na kazi ya kutafuta sababu, kwa waliofika kwenye usaili, mara nyingi imeshafanyika. Mjumbe wa jopo ameshaandika 2 kati ya 5, na pembeni: "hakutoa mfano wa kazi aliyoifanya mwenyewe." Maneno sita tu! Mwombaji akiyapata, wiki ijayo anaingia usaili mwingine na mfano wake mkononi. Akiyakosa, anarudi nyumbani kurekebisha kisichokuwa kimeharibika: ananunua shati jipya, analipia kozi nyingine, anaanza kulitilia shaka hata jina lake na lafudhi yake.

Wanaotuma maombi tu watumiwe jibu fupi, inatosha. Aliyeketi mbele ya jopo adaiwe sentensi moja ya kweli kutoka kwenye fomu ya alama. Kama alizidiwa uzoefu na mwenzake, aambiwe hivyo. Na mwajiri akiona sababu yenyewe haiandikiki, airudie fomu ile kabla hajatuma barua.