Mguu wa nyumbu na saini tatu

Akitajwa askari wa wanyamapori, wengi wetu tunaiona bunduki. Akitajwa ofisa uvuvi, tunauona moto: nyavu zinateketea ufukweni na mwenye nazo amekaa pembeni kashika tama. Picha hizo mbili si za uongo. Ila zimeutawala mjadala wa uhifadhi hapa Tanzania kiasi kwamba kazi yenyewe, ile ya Jumatatu hadi Jumapili, haina anayeizungumzia. Ndiyo maana tunawasifu watu hawa kwa mambo wanayoyafanya mara chache, na kuwalaani kwa mambo ambayo mara nyingi si wao walioyapanga.

Tuseme askari wawili wa doria wanamkuta mtu alfajiri, ukingoni mwa pori la akiba, kabeba kiroba. Ndani ya kiroba mna mguu wa nyumbu, damu bado mbichi. Ana panga na nyaya tatu za mtego. Hakuna risasi iliyopigwa, hakuna aliyeumia. Kwa msimuliaji wa kijiweni kazi imeisha hapo. Kwa askari ndiyo kwanza inaanza.

Hati ya ukamataji inatakiwa ijazwe palepale: nini kimekamatwa, wapi, saa ngapi, nani alikuwepo. Anasaini askari, anasaini mtuhumiwa au kuweka dole gumba, na akipatikana shahidi huru anasaini pia. Shahidi huru porini saa kumi na moja alfajiri anatoka wapi? Kisha ni kutembea hadi lilipo gari, kama gari lipo na lina mafuta, hadi kituo cha polisi, jalada lifunguliwe. Aitwe ofisa mwenye sifa ya kutambua nyara, yaani mnyamapori au sehemu ya mwili wake, atazame ngozi, kwato na manyoya, aandike kwa nini anasema huyu ni nyumbu na si ng'ombe wa mtu. Halafu ajaze hati ya thamani. Nyumbu katika hati za mashtaka huthaminiwa dola 650 za Marekani, na huhesabiwa mnyama mzima hata kama kilichokamatwa ni paja, kwa kuwa paja halipatikani bila mnyama kufa. Wakati haya yote yanaendelea jua limeshapanda na kile kiroba kimeanza kutoa harufu.

Nyama haingoji tarehe ya kesi. Lazima ipelekwe kwa hakimu atoe amri iteketezwe, na fomu ya orodha ya vielelezo, wenyewe wanaiita inventori, ndiyo itakayosimama kizimbani badala ya nyama. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliweka jambo hili bayana: mtuhumiwa mwenyewe lazima awepo mbele ya hakimu huyo, aulizwe, asikilizwe, ndipo amri itolewe. Picha zikipigwa, vizuri zaidi. Inventori iliyojazwa huku yeye yuko mahabusu hajui kinachoendelea haiwezi kumtia hatiani. Tangu hapo hukumu nyingi za kesi za nyara zimeanguka kwenye rufaa kwa hoja hiyo hiyo. Mtu keshatumikia miaka kadhaa gerezani, majaji wanaifungua ile karatasi, wanatafuta mahali panapoonyesha kwamba alisikilizwa, hawapaoni. Anaachiwa huru.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu ndani yake pande zote mbili za ubishi wetu zimo. Anayemtetea askari atasema: angalieni, mhalifu kaponyoka kwa karatasi. Anayemtetea mwanakijiji atasema: angalieni, mtu kafungwa miaka bila ushahidi halali. Na wote wawili wanazungumzia asubuhi ile ile moja, askari akiwa na kiroba kinachonuka, mtuhumiwa mwenye pingu, na mahakama ya wilaya iliyo mbali ambako hakimu yuko katikati ya shauri la talaka.

Majaji walikuwa sahihi, tena sahihi kabisa. Kupatikana na nyara za serikali isivyo halali, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ikisomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, kifungo chake kinaanzia miaka 20. Miaka 20 kwa mguu wa nyumbu. Adhabu ikiwa nzito hivyo, mahakama haina budi kuichambua kila saini. Lakini tuelewe pia mzigo huo umemwangukia nani. Umemwangukia askari wa cheo cha chini aliyefundishwa kulenga shabaha na kufuata nyayo, ambaye sasa anatakiwa awe karani, mpigapicha na mtunza kielelezo, na miaka miwili baadaye apande kizimbani akumbuke kiroba kilikuwa cha rangi gani.

Upande wa pili una hoja, na si hoja za kubeza. Mkulima anayepakana na hifadhi anaweza kuamka akakuta ekari mbili za mahindi zimelazwa na tembo kwa usiku mmoja. Anachostahili kisheria kinaitwa kifuta jasho, na kama kuna aliyeuawa, kifuta machozi. Majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Huyo huyo akiingia upande wa pili wa mpaka kukata kuni, anakamatwa siku hiyo hiyo. Tembo akivuka kuja kwake, taarifa inaandikwa na anaambiwa asubiri. Hesabu hiyo haihitaji elimu kuiona haikai sawa, na askari ndiye sura pekee ya serikali anayoiona mkulima huyu kwa karibu, basi hasira yote inamshukia yeye.

Na yapo makubwa kuliko hayo. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza, iliyowakusanya wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori kuwasaka majangili. Haikumaliza hata miezi miwili, ikasimamishwa. Kamati ya Bunge ikaeleza vifo, mateso, udhalilishaji wa wanawake na mifugo kupotea, na Desemba mwaka huo mawaziri 4 wakaondoka kwenye nafasi zao. Hakuna sababu ya kulipunguza makali jambo hili. Waliopoteza ndugu wapo, na wanastahili kutajwa kila tunapozungumzia uhifadhi.

Lakini pembeni ya habari hiyo iko nyingine iliyo kweli vilevile. Sensa ya 2009 ilihesabu tembo takribani 109,000 nchini. Ile ya 2014 ikakuta kama 43,000. Zaidi ya nusu wametoweka ndani ya miaka 5. Serikali ilikuwa na kila sababu ya kushtuka. Swali langu ni kwa nini mshtuko wetu kila mara huzaa operesheni. Operesheni huja na watu wasioijua njia ya kisima wala jina la mwenyekiti wa kitongoji, wanakaa wiki chache, wanaondoka. Askari wa kituo cha pale anabaki. Ni yeye atakayerudi kwenye kijiji kile kile kuomba maji ya kunywa, kuuliza nani kamwona mgeni mwenye pikipiki, kutafuta yule shahidi huru wa kusaini hati. Na mlango utafungwa usoni pake kwa kosa ambalo pengine hakulitenda.

Ziwani hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Ofisa uvuvi wa wilaya hushinda mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na rula. Anamlaza samaki juu ya ubao, anapima toka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia: sato asiwe chini ya sentimita 25, sangara asiwe chini ya 50. Anauvuta wavu, anapima jicho. Anakagua leseni na namba ya mtumbwi. Anayepimiwa mara nyingi ni mama mchuuzi mwenye beseni moja, siyo mwenye injini aliyevua usiku kwa nyavu haramu kama kokoro au timba na kushusha mzigo pasipo na rula. Wavuvi wanalisema hilo kila siku, na wanauliza swali ambalo bado sijasikia likijibiwa vizuri: kama wavu ni haramu, mbona tuliuziwa dukani? Mvuvi aliyechomewa nyavu za mkopo hakuchomewa kitu kingine ila mtaji wote na heshima yake mbele ya mkewe na anayemdai.

Hata hivyo tukumbuke kilichotokea Dodoma Juni 2018. Maofisa uvuvi waliingia kantini ya Bunge na rula zao, wakapima samaki waliopikwa kwa ajili ya wabunge, wakakuta wapo wasiofikia kiwango, wakatoza faini ya shilingi 300,000. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa; ilionekana ni kukivunjia heshima chombo cha umma. Nami nasema siku ile maofisa hao walifanya kazi yao kwa haki kuliko walivyowahi kuonekana wakiifanya. Ni rula ile ile wanayomwekea mchuuzi wa beseni. Kilichobadilika ni mwenye sahani. Ambaye hapendi ofisa uvuvi kwa kuwa anawaonea wadogo, siku hiyo alipaswa kuwa wa kwanza kumpongeza.

Turudi porini, kwa sababu kuna sehemu ya kazi hii isiyo na mtuhumiwa wala jalada. Mtego wa waya. Tairi kuukuu linachomwa, mpira unayeyuka, zinabaki nyaya nyembamba za chuma. Zinasokotwa kitanzi, kinafungwa kwenye shina, kinaning'inizwa usawa wa shingo ya nyumbu katika njia anayoipita kwenda majini. Haulii, haunuki, na ukishapakwa moshi haung'ai. Unamkamata nyumbu, unamkamata pia twiga mguu, simba kiuno, na aliyeutega huenda asirudi kuuangalia. Kuupata, inabidi askari watembee wamejipanga mstari, hatua chache kati ya mtu na mtu, macho vichakani, siku nzima. Serengeti kuna kikosi kilichoanza kazi hiyo peke yake mwaka 2017, na baadhi ya waliomo waliwahi kuwa wategaji wenyewe. Wameng'oa mitego kwa maelfu. Mnyama ambaye hakunaswa haingii kwenye taarifa yoyote. Hakuna anayempongeza askari kwa nyumbu aliyekwenda kunywa maji akarudi salama.

Tangu kianze kile kinachoitwa Jeshi Usu, wahifadhi wa TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya wanyamapori), Ngorongoro na Wakala wa Misitu wanafanya kazi kwa mfumo wa kijeshi, wana vyeo, gwaride na saluti. Wanaoupenda mfumo huu wanasema umeleta nidhamu na amri moja, na kwa mtu anayekabiliana na jangili mwenye silaha usiku, amri moja ni uhai. Wasioupenda wanasema unamfanya jirani aonekane adui. Nadhani wote wana ukweli, ila mimi naogopa zaidi kitu kidogo kuliko hicho: kwamba mafunzo yatajaa kwata na kupungukiwa na ile asubuhi ya kiroba. Askari anayejua kujaza hati vizuri hahitaji kumpiga mtu akiri. Ushahidi wake unasimama wenyewe. Asiyejua, au asiye na gari la kumfikisha kwa hakimu kabla nyama haijaoza, ndiye anayeingiwa na kishawishi cha kumalizana na mtu kulekule porini. Wanaodai haki za wanakijiji na wanaodai majangili wafungwe wangepaswa kukutana hapa, kwenye fomu, mafuta ya gari na saa za kazi za hakimu.

Bado lipo la kifungo. Tuliiweka miaka 20 ili kumtisha jangili, na kwa mwenye pembe za ndovu siwezi kulalamika. Lakini mwenye mguu wa nyumbu ni mtoto wa jirani wa mtu, na yule tunayemtafuta asaini kama shahidi huru anakaa kijiji hicho hicho. Kama angejua kijana atapigwa faini inayouma, au afungwe miezi kadhaa na kufanyishwa kazi za jamii, pengine angesaini. Anajua ni miaka 20. Anajua mama wa kijana atapita mbele ya nyumba yake kila siku akienda kisimani. Askari anamwita, anaeleza kwamba ni kuthibitisha tu alichokiona, anamsogezea kalamu, na yule bwana anasema macho yake hayaoni vizuri asubuhi.