Batli ya Crowhurst, Kumbukumbu za Hawthorn: Nani Atuandikie Historia ya Mbio?

Mwaka 1958 dereva Mike Hawthorn alipata mambo mawili makubwa: taji la dunia la Formula One, la kwanza kwa Mwingereza, na kitabu cha maisha yake, Challenge Me the Race. Kitabu ndicho kilichomletea taabu. Lance Macklin, dereva mwenzake, alisoma kurasa zinazohusu mbio za magari za Le Mans, Ufaransa, za 1955, akaona anabebeshwa lawama ya ajali iliyoua watu zaidi ya 80, akaanza kudai haki kwa kuchafuliwa jina. Kesi haikufika mwisho. Januari 1959 Hawthorn alikufa kwa ajali ya barabarani karibu na Guildford, na madai yakafa naye.

Wapenzi wa vitabu vya mbio, ziwe za magari au za vyombo vya tanga, wamegawanyika tangu zamani juu ya nani afaaye kuiandika historia yake, mshindani mwenyewe au mtu wa nje. Wako wanaosema asiyewahi kushika usukani hana la kutueleza. Wengine hawawaamini mabingwa hata kidogo, na wao wanayo methali ya kutosha: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi naona pande zote mbili zinauliza swali pungufu. Kabla ya kuuliza mwandishi alikuwa wapi siku ya mbio, nauliza kwanza kama kitabu chake kinanipa chochote cha kumpingia.

Hata hivyo hoja ya kundi la kwanza ina nguvu kuliko watu wa maktaba wanavyopenda kukubali. Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la London lilitangaza shindano la kuizunguka dunia kwa tanga, mtu peke yake, bila kuingia bandarini wala kupokea msaada. Waliondoka 9. Aliyemaliza ni mmoja tu, Robin Knox-Johnston, aliyerudi Falmouth, Uingereza, Aprili 1969 baada ya siku 312 baharini. Chombo chake, Suhaili, kilikuwa na urefu wa futi 32, kimeundwa Bombay kwa mbao za msaji, na hakikuonekana kuwa chombo cha mbio hata kidogo.

Katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo, A World of My Own, anasimulia jinsi Suhaili ilivyoanza kuvuja chini, karibu na mkuku, kabla hata hajatoka Atlantiki ya kaskazini. Ilibidi aingie majini katikati ya bahari kuu na kukalafati, yaani kuziba, nyufa zile kwa mikono yake. Alivaa shati na suruali za rangi nyeusi ili weupe wa mwili wake usivutie papa. Alikuwa akizama na nyundo, anapiga kidogo, anapanda kuvuta pumzi, anashuka tena. Papa akaja kweli. Akapanda chomboni, akachukua bunduki, akampiga, akangoja aone kama wengine watafuata damu, kisha akarudi kazini. Fundi yeyote wa majahazi wa Lamu anaijua kazi ya kalafati, ila yeye huifanya chombo kikiwa kimekaa mchangani maji yametoka.

Nani mwingine angetuandikia hayo? Redio yake iliharibika mapema, na kwa miezi mingi watu wa nyumbani hawakujua kama yuko hai. Hapakuwa na mwandishi wa habari, wala abiria, wala kamera ya mtu mwingine. Ukimnyima mshindani kalamu kwa sababu anajipendelea, nusu ya historia ya mbio za bahari inafutika, kwa kuwa shahidi alikuwa yeye tu.

Tatizo ni kwamba shindano lilelile lilikuwa na shahidi mwingine wa peke yake, na yeye alidanganya.

Donald Crowhurst aliondoka Teignmouth tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa. Alikuwa na boti ya miili mitatu iliyoitwa Teignmouth Electron, yenye umbo linalokaribia ngalawa na matengo yake pande mbili, nyepesi na ya kasi upepo ukiwa mzuri. Haikuwa tayari kwa safari. Lakini mfadhili alikuwa amemfunga kwa mkataba: akishindwa, atainunua boti hiyo mwenyewe. Kurudi kulimaanisha kufilisika, na kusonga mbele hadi bahari za kusini kulimaanisha kuzama. Akachagua njia ya tatu. Alibaki Atlantiki akizungukazunguka huku akituma kwa redio taarifa za maendeleo ya uongo. Desemba 1968 alidai amekwenda maili 243 kwa siku moja, na magazeti yakaichapa rekodi hiyo. Machi 1969 alitia nanga kwa siri pwani ya Argentina kutengeneza boti, jambo ambalo peke yake lingemtoa mashindanoni.

Julai 1969 meli ya posta Picardy iliikuta boti yake ikielea Atlantiki, haina mtu. Mezani mlikuwa na batli, yaani daftari anamoandika nahodha mahali alipo, upepo na mwendo wa chombo. Wanahabari Nicholas Tomalin na Ron Hall walizichambua batli zile ukurasa kwa ukurasa, na mwaka 1970 wakatoa The Strange Last Voyage of Donald Crowhurst.

Hicho ndicho kitabu ninachokiweka mbele ninapotaka kuwatetea waandishi wa nje. Wanatuwekea mbele yetu hesabu zenyewe. Msomaji anaonyeshwa kwamba kughushi njia ya bahari ni kazi ngumu kuliko kuipita. Nahodha wa kweli hupima jua kwa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe ya jua na upeo wa bahari, kisha hukokotoa alipo. Mghushi huanza na mahali pa kubuni, akarudi nyuma hadi kwenye kipimo cha jua ambacho hakukiona. Kisha wanaonyesha jinsi maandishi yanavyoacha hesabu na kuingia katika falsafa ya mungu na wakati, maelfu ya maneno, mpaka yanapokatika tarehe 1 Julai. Ukitaka kusema wamemwonea Crowhurst, utaokota hoja zako humohumo katika kurasa walizozinakili.

Wanaopinga kitabu kile nao wana jambo. Mtu aliyevurugikiwa akili akiwa peke yake aliwekwa wazi mbele ya dunia, hayupo wa kujieleza, na nyuma yake kuna mke na watoto wanne. Siwezi kulipuuza hilo. Ila kuna Nigel Tetley. Tetley alikuwa amekwisha kuizunguka dunia kwa boti ya miili mitatu iliyochoka, na alikuwa njiani kurudi. Akisikia Crowhurst anamkaribia kwa kasi, akaisukuma boti yake hadi ikasambaratika Mei 1969, mbali kidogo na visiwa vya Azores. Alikuwa akikimbizwa na mtu ambaye hakuwa nyuma yake. Bila batli kuchapishwa, Tetley angebaki katika vitabu kama nahodha aliyekosa subira. Kumsitiri mmoja kungemwacha mwingine na lawama isiyo yake.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hao wa nje. Tomalin na Hall walikuwa waandishi wa Sunday Times, gazeti lililoanzisha shindano. Gazeti lililotoa zawadi, lililoweka kanuni legevu kiasi kwamba yeyote aliyeondoka peke yake katika miezi iliyotajwa alihesabiwa mshindani bila chombo chake kukaguliwa, ndilo lililowalisha waandishi wa kitabu. Kuna pia mwanahabari wa Teignmouth aliyekuwa wakala wa Crowhurst, aliyechukua ujumbe mfupi wa redio na kuunenepesha kabla ya kuugawa. Uongo ule ulikuwa na mpishi baharini na wapakuaji nchi kavu. Mwandishi wa nje, kumbe, mara nyingi yuko ndani kwa mlango mwingine.

Kuna Mfaransa Bernard Moitessier pia, ambaye hafai kundi lolote. Alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda, akaamua kuachana na mbio, akairushia meli karibu na Cape Town ujumbe kwa manati, akaendelea hadi Tahiti. La Longue Route, aliyoitoa 1971, naipenda kama fasihi. Kama historia ya shindano sijui niifanyie nini: mwandishi mwenyewe anasema shindano halikuwa na maana.

Nirudi Le Mans, maana huko mzani ni mgumu zaidi. Mashahidi walikuwa maelfu, na bado hawakupatana.

Tarehe 11 Juni 1955, saa mbili na kitu tangu mbio zianze, Hawthorn akiwa na Jaguar alimpita Macklin aliyekuwa na Austin-Healey, kisha akapiga breki kuingia kwa mafundi wake upande wa kulia. Jaguar ilikuwa na breki za diski, zenye kukamata haraka kuliko breki za ngoma za magari mengi ya wakati ule. Macklin akachepuka kushoto kumkwepa. Nyuma yake alikuwa anakuja Pierre Levegh na Mercedes, kasi yake zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mercedes ikapanda mgongo wa Austin-Healey, ikaruka, ikagonga tuta lililotenga barabara na watazamaji. Injini na vipande vizito vikapita katikati ya watu. Levegh alikufa papo hapo. Juan Manuel Fangio, aliyekuwa nyuma yake, alipenya, na baadaye alisema Levegh aliinua mkono kumtahadharisha.

Mbio hazikusimamishwa. Waandalizi walisema umati ungeondoka wote pamoja ungeziba barabara za magari ya wagonjwa. Mercedes wakajitoa usiku. Hawthorn na Ivor Bueb wakashinda, na picha ya Hawthorn akinywa shampeni ikachapishwa Ufaransa kwa maneno ya kejeli.

Kwa hiyo alipoandika kitabu miaka mitatu baadaye, alikuwa ni mtu aliyeshambuliwa, na kujitetea ni haki yake. Uchunguzi rasmi haukumtia hatiani yeye wala dereva mwingine. Alichoandika ni kwamba alimwachia Macklin nafasi ya kutosha. Huenda aliamini hivyo kwa dhati. Ila tazama alivyokaa: macho yake yalikuwa mbele, akitafuta kibanda cha mafundi wake. Dereva ni shahidi mzuri wa alichokusudia na shahidi dhaifu wa kilichotokea mgongoni mwake. Macklin naye alikuwa na jina la kulinda, na Levegh hakubaki kusema neno. Katika kitabu cha Hawthorn hakuna cha kumpimia ila neno lake: hakuna ramani ya eneo lile wala kipimo cha breki, na wenzake hawapewi nafasi ya kusema.

Waandishi waliokuja miongo kadhaa baadaye walikuwa na filamu za tukio, picha na mahojiano, na wengi wao wakahamisha macho kutoka kwa madereva hadi kwenye barabara yenyewe. Mbio zile zilianza 1923, kwa magari yenye kasi ndogo. Mwaka 1955 magari yaliingia kwa mafundi kutoka barabara ileile ya mbio, bila njia ya pembeni wala ukuta, na watazamaji walikingwa na tuta tu. Baada ya ajali eneo hilo lilibomolewa na kujengwa upya, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za magari za viwanjani kwa miaka mingi. Hayo Hawthorn asingeweza kuyaona akiwa nyuma ya usukani. Lakini tahadhari: kusema “kosa ni la barabara” kuna utamu wake pia, kwa sababu hakumkasirishi mtu yeyote aliye hai.

Huku kwetu hoja hii inaigusa Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tunajua majina: Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5. Tunajua kwamba mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Tusichokijua vya kutosha ni habari za fundi aliyebadilisha springi gizani kando ya barabara ya vumbi, na za wanakijiji waliolisukuma gari kutoka kwenye tope mpaka likawaka. Hao si washindani, wala si watu wa maktaba. Mjadala wa bingwa dhidi ya mwanahabari unawaruka wote. Mashindano ya majahazi ya Lamu yako pabaya zaidi, kwani huko habari nyingi ziko vinywani mwa manahodha na mabaharia wao, na bingwa mwenyewe hajaandika.

Angekuwepo mtu wa kuanza kazi hiyo kesho, ningemwomba aanze na mafundi na wasoma ramani waliokaa kiti cha pembeni, si madereva. Msoma ramani ndiye aliyeshika kadi za muda, zilizoandikwa saa za gari kufika vituoni, na kadi ya muda ni ndugu wa batli: inaweza kumsuta hata aliyeijaza.

Na kwa msomaji anayetaka tu kuingia katika vitabu hivi, nashauri aanze na Knox-Johnston, maana raha yake haihitaji mashaka mengi. Afuate Tomalin na Hall, akikumbuka ni nani aliyekuwa akiwalipa mshahara. Hawthorn amweke mwisho, na asimfungue kabla hajaichungulia ramani ya eneo la mafundi la Le Mans kama lilivyokuwa 1955.