Fizi zinazotoka damu na sukari isiyoshuka: ushahidi umefika wapi?

Kliniki nzuri ya kisukari humvua mgonjwa viatu ikakagua nyayo, humpima shinikizo la damu, humtuma akachunguzwe macho na figo. Mdomoni, mara nyingi, hakuna anayetazama. Wapo wanaosema hilo ni kosa kubwa, na wapo wanaoona fizi zimetiliwa chumvi. Kila upande una hoja.

Kwamba kisukari huharibu fizi, hakuna ubishi. Mwaka 1993 Harald Löe, aliyekuwa akiongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ya Marekani, aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita la kisukari, baada ya yale ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa ya damu na vidonda vinavyochelewa kupona. Alitegemea sana utafiti uliofanywa miongoni mwa Wapima (Pima), jamii ya wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, yenye kisukari kwa wingi mno. Sukari ikizidi, chembe nyeupe za damu hazipigani na bakteria ipasavyo, fizi huvimba kupita kiasi, na mfupa unaoshika jino huliwa polepole. Mtu hasikii maumivu. Anaona damu kwenye mswaki tu, na anaizoea.

Ubishi uko kwenye njia ya kurudi: je, fizi mbovu nazo hupandisha sukari? Kimantiki inawezekana, kwa kuwa kemikali zinazozalishwa na mwili ukipambana na bakteria wa fizi huingia kwenye damu na kudhoofisha kazi ya insulini. Lakini mwaka 2013 jaribio la Marekani lililohusisha watu 514 halikuona nafuu yoyote ya sukari miezi sita baada ya kusafishwa chini ya fizi. Wakosoaji walijibu kwamba wengi wa waliotibiwa walibaki na utando wa bakteria kwenye meno na fizi zinazotoka damu, kwa hiyo hawakuwa wametibiwa vya kutosha. Naona hoja hiyo ina uzito, maana mwaka 2018 jaribio la London, lililotibu fizi kwa nguvu zaidi na kufuatilia wagonjwa mwaka mzima, liliona sukari ikishuka. Kisha mwaka 2022 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 35 na kukuta kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi mitatu, kikishuka kwa asilimia 0.43 baada ya miezi mitatu hadi minne. Yaani aliyekuwa na 8.5 anafika kama 8.1. Si haba, ila haimruhusu mtu kuacha dawa zake.

Kwetu Tanzania pingamizi zito zaidi ni la pesa. Madaktari wa meno ni wachache wilayani, na wengi wetu humfuata daktari siku ya kung'oa. Mtu anayekosa hela ya insulini, anayepima sukari mara moja kwa mwezi kwa sababu vijiti vya kupimia ni ghali, utamwambiaje akalipie kuondoa ugaga wa meno? Insulini ije kwanza. Hapo sina ubishi.

Lakini kumuuliza mgonjwa kama fizi zake hutoka damu au meno yanalegea hakugharimu shilingi. Wala matibabu ya fizi hayahitaji kuthibitishwa kuwa yanashusha sukari ndipo yatolewe, kwani kupoteza meno ni madhara tosha. Na kuna jambo ambalo kipimo cha damu peke yake hakilielezi. Mwenye meno yaliyolegea huacha karanga, matunda magumu na mboga zenye nyuzi, akahamia uji laini na mkate mweupe wa kuchovya kwenye chai, vyakula vilevile ambavyo kliniki ilimwambia apunguze.