Kalenga: Nani Mwenye Haki ya Kusema Mungu Alikusudia Mema?

Usharika wetu ulikodi Kosta kutoka Mbeya hadi Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Ruaha. Katika makumbusho yale madogo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, limehifadhiwa ndani ya kioo. Ukisogea karibu, unauona uso wako mwenyewe juu yake. Mwinjilisti wetu, mtu ninayemheshimu sana, akatuambia: Wajerumani walikuja kwa ubaya, lakini Mungu aliutumia ujio wao kutuletea Injili. Akamtaja Yusufu, aliyewaambia ndugu zake kwamba walimkusudia mabaya lakini Mungu alikusudia mema. Akina mama wakaitikia amina. Mimi nilishindwa.

Hoja yake si ya kupuuza. Mwaka 1891, Wahehe walipokishinda kikosi cha Kijerumani cha Zelewski pale Lugalo, ndio mwaka wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipoingia Unyakyusa. Bibi yangu alijifunza kusoma kwa kitabu cha nyimbo cha misheni, na kwa herufi hizo mimi nikafika hapa. Nikiikana baraka hiyo ninamkana bibi. Tena Mkristo anayeogopa kusema kwamba Mungu alikuwepo Kalenga anamwachia Ibilisi historia yetu yote.

Lakini yale maneno aliyasema Yusufu, aliyetupwa shimoni na kuuzwa. Ndugu zake hawakuthubutu kuyasema. Wao walianguka mbele yake wakiomba msamaha. Sisi tulionufaika na misheni tuko upande gani wa habari ile? Kalenga, ngome ya Mkwawa, iliangushwa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akapigana porini miaka karibu minne, akajipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe, lakini ni mwaka 1954 tu Gavana Edward Twining, aliyekuwa amelichagua fuvu hili kati ya mengi huko Bremen, alipomkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Mengine yalibaki huko, na wenyewe hatujui majina yao. Hakuna hata mmoja wao aliyetutuma tuseme kwa niaba yake kwamba yote yalikuwa mema.

Tukiwa njiani kurudi, mama mmoja Msangu alizungumza taratibu. Kwa wazee wake, Wahehe ndio waliowafukuza Usangu hadi chifu wao Merere akahamia Utengule Usongwe, na baadaye akawa upande wa Wajerumani. "Leo mmemlilia nani, wanangu?" akauliza. Kosta nzima ilinyamaza. Wapo watakaosema, basi kila mtu alimwonea mwenzake, tuyaache. Siwezi kukubali. Machozi ya Msangu hayapunguzi hata tone moja la damu ya Mhehe, na kinyume chake ni hivyohivyo. Yanachofanya ni kutuzuia tusifanye kaburi la mtu kuwa jukwaa letu.

Kuna pia waliokataa kusali kwa kuwa Mkwawa alijiua. Hao ningewarudisha kwenye sura ya mwisho ya Samweli wa Kwanza. Sauli naye aliuangukia upanga wake asije akadhihakiwa na adui, na Wafilisti wakamkata kichwa, wakautundika mwili wake ukutani Bethshani. Mashujaa wa Yabeshi-Gileadi waliposikia, walitembea usiku kucha, wakaushusha mwili, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Hawakujadili alikufaje, wala hawakueleza Mungu alikusudia nini. Na Sauli alikuwa na makosa yake mengi, wao wakiyajua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwinjilisti wetu, na nimemweleza uso kwa uso. Huenda anachokiamini ni kweli, ila si letu kulisema mbele ya kile kioo. Wakilisema wajukuu wa waliokatwa vichwa, tutaitikia amina kwa unyenyekevu. Kundi la pili linaondoka baada ya mavuno. Nimeliomba baraza la wazee mahubiri yabaki Mbeya, twende tumefunga, tusomewe habari ya Yabeshi-Gileadi peke yake, na yule mama Msangu ndiye aanze kuomba.